Kabla ya Safari ya Jogoo House: Namna ya Kupunguza Gharama ya Mizozo ya Elimu Maalumu

Miongoni mwa wanaoingia Jogoo House, jengo la Wizara ya Elimu lililoko barabara ya Harambee, katikati ya jiji la Nairobi, wamo wazazi waliotoka mbali. Mmoja ametoka Mombasa, mwingine Kwale, mwingine Lamu. Mkononi mna bahasha yenye cheti cha kuzaliwa, ripoti ya daktari na barua mbili tatu zilizokunjwakunjwa. Maneno hutofautiana, lakini kadhia ni moja: mtoto mwenye ulemavu au mahitaji maalumu ya kujifunza, na shule ambayo haikuelewana na wazazi wake.

Juma hili tumeona tuizungumze kadhia hiyo kwa upande usiosemwa sana, nao ni upande wa gharama. Haki za mtoto mwenye ulemavu zimekwisha kuandikwa katika Katiba na katika sheria za nchi. Hata hivyo, mzazi mwenye haki yaweza kumpasa auze mbuzi, akope kwa jamaa na apoteze siku za kazi kabla haki hiyo haijamfikia mwanawe. Shule nayo hupoteza. Mwalimu mkuu huacha darasa akaenda kujibu barua, na fedha zilizokuwa zitengeneze choo au njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu zikaishia kwa wakili. Katika yote hayo mtoto yuko nyumbani, akiwatazama wenzake wakipita na mikoba.

Twauliza basi: je, mzozo huu waweza kumalizwa kwa gharama ndogo bila ya haki ya mtoto kupungua? Jawabu letu ni kuwa mara nyingi yawezekana, kwa sharti kwamba pande zote mbili zizijue hatua na zizifuate kwa mpango wake.

Mzozo huanzia wapi

Mizozo hii hupita katika milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa kuandikishwa. Mzazi hufika na mtoto mwenye usonji, au asiyesikia vyema, au atumiaye kiti cha magurudumu, akaambiwa nafasi zimejaa, au ajaribu shule nyingine. Mlango wa pili ni wa msaada. Mtoto amepokewa, lakini hakuna mwalimu mwenye mafunzo, hakuna kitabu cha nukta nundu, hakuna muda wa ziada katika mtihani, au mzazi ameambiwa amlipe kwa mfuko wake msaidizi wa kukaa na mtoto darasani. Mlango wa tatu ni wa nidhamu. Mtoto hupiga kelele, hukimbia darasa au humsukuma mwenzake, shule ikamrudisha nyumbani "mpaka atulie", na kule kutulia hakuna aliyekuwekea tarehe.

Kuna pia mzozo wa mahali. Huyu ataka mwanawe asome na watoto wa mtaa katika shule ya jirani, ilhali mwalimu aona kuwa shule maalumu ingemfaa zaidi. Yule ataka nafasi katika shule maalumu, kama ile ya wasioona ya Likoni au ya viziwi ya Ziwani, naye aambiwa asubiri. Hapa hakuna mwovu. Wapo watu wawili wampendao mtoto mmoja kwa macho mawili tofauti, na ndiyo maana mizozo ya namna hii hufaa mno kumalizwa kwa mazungumzo.

Tuwe waadilifu kwa walimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, asiyepata mafunzo ya elimu maalumu wala msaidizi, aweza kumkatalia mtoto kwa kuogopa kushindwa na wala asiwe na chuki naye. Mzazi anayelifahamu hilo huanza mazungumzo mahali pazuri zaidi kuliko yule aingiaye ofisini na maneno ya vita.

Hesabu ya safari moja

Tufanye hesabu ndogo. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida katika treni ya Madaraka, kutoka Mombasa hadi Nairobi, ni shilingi 1,500 baada ya kupandishwa kutoka 1,000. Kwenda na kurudi ni 3,000 kwa mtu mzima. Wakienda wazazi wawili ni 6,000. Kadhia ikiwalazimu safari tatu, nazo ni chache kwa mambo ya ofisi, zimekwenda shilingi 18,000. Hapo hatujahesabu treni ndogo ya kutoka Syokimau hadi katikati ya jiji, wala chakula, malazi, nakala za karatasi na ujira wa siku zilizopotea. Na akiwa mtoto mwenyewe yumo safarini kwa ajili ya kufanyiwa tathmini, gharama huzidi.

Mgao wa serikali kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Nauli peke yake ya wazazi hao wawili imekwisha kupita mgao wa wanafunzi 12. Ikiwa kadhia itafika kwa wakili, hesabu huingia katika tarakimu ambazo familia nyingi za pwani hazijawahi kuzishika kwa pamoja.

Lakini ipo gharama isiyoandikwa katika risiti. Mtoto wa miaka saba asiyehudhuria shule kwa mihula miwili hupoteza wakati ambao hakuna hakimu awezaye kumrudishia. Asiyesikia hukosa lugha ya ishara katika umri ambao akili huipokea kwa wepesi. Mwenye usonji hupoteza mazoea aliyojengewa kwa taabu. Kwa ajili hiyo, katika mizozo hii kuchelewa ni hasara hata kwa yule ambaye mwishowe atashinda.

Sheria imesema nini

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuzifikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, kwa kadiri inavyoafikiana na maslahi yake. Kifungu cha 27 chakataza ubaguzi, na ulemavu umetajwa humo kwa jina.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza kuwa shule haitambagua mtoto katika kumwandikisha, na ikamwajibisha mzazi naye ampeleke mwanawe shuleni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025, ilikwisha kuzikataza taasisi za elimu kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu pekee. Mwaka 2018 Wizara ilitoa sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, yenye kusisitiza kuwa mtoto asome pamoja na wenzake kila inapowezekana. Mtaala wa umilisi nao umeweka njia mbili. Iko ya wanafunzi wanaoweza kuufuata mtaala wa kawaida kwa kusaidiwa, na iko ya wale wanaosonga mbele kwa hatua zao wenyewe bila ya kubanwa na umri.

Tumezitaja sheria hizi kwa sababu moja. Mzazi akizijua hana haja ya kubishana kama mtoto ana haki ya kusoma. Hilo limekwisha. Linalobaki ni namna gani, wapi, kwa msaada upi na kuanzia lini. Mazungumzo ya "namna gani" huwa mafupi na ya bei nafuu kuliko mabishano ya "ana haki au hana".

Tathmini kabla ya ubishi

Mizozo mingi hurefuka kwa kuwa kila upande waongea kwa kukisia. Mzazi asema mtoto aelewa kila kitu akiwa nyumbani, mwalimu asema haelewi lolote darasani. Dawa ya ubishi huo ni tathmini. Tangu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya imekuwa na vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, ambako maofisa wa serikali humpima mtoto na kupendekeza aina ya shule na msaada umfaao. Vituo hivyo vimeenea nchini, na mzazi wa pwani aanze kwa kuuliza kilicho karibu naye katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nairobi ipo Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986 huko Kasarani, nayo ina kituo cha tathmini chenye wataalamu wa fani mbalimbali.

Ripoti ya tathmini ndiyo hati itakayookoa fedha nyingi kuliko zote. Ikiwepo, mazungumzo huwa juu ya maandishi ya mtu wa tatu asiyegombana na yeyote. Isipokuwepo, kila ofisi mzazi atakayoingia itamwambia akailete kwanza, na safari imekwisha kupotea.

Baada ya tathmini uandikwe mpango wa elimu wa mtoto huyo. Ukurasa mmoja au miwili watosha: mtoto aweza nini sasa, atarajiwa kufikia nini muhula huu, nani atafanya nini, na lini pande mbili zitakutana tena kuutazama. Mzazi na mwalimu watie saini. Mpango wa namna hiyo huondoa lawama za "uliniahidi" na "sikukuahidi", ambazo ndizo kuni za mizozo yote.

Ngazi hupandwa kwa daraja

Mzazi mwenye uchungu hutamani aruke moja kwa moja hadi juu, kwa Waziri, kwa gazeti au mahakamani. Twamfahamu. Lakini sheria imeweka ngazi, na mwenye kuiruka aghalabu hurudishwa chini akiwa amekwisha kulipa.

Daraja ya kwanza ni mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu. Ya pili ni bodi ya usimamizi ya shule. Ya tatu ni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kisha ya kaunti, na Bodi ya Elimu ya Kaunti iliyoundwa na Sheria ya mwaka 2013. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi hiyo ana haki ya kukata rufaa kwa Jopo la Rufaa za Elimu, lililoundwa na kifungu cha 93 cha sheria hiyo hiyo. Mahakama Kuu huja baada ya hapo. Lalama inayomhusu mwalimu binafsi na mwenendo wake hupelekwa kwa Tume ya Huduma za Walimu, nayo ina wakurugenzi katika kaunti.

Mahakama za Kenya zimeshikilia mara nyingi kwamba, ikiwa sheria imeweka njia ya kumaliza mzozo, njia hiyo ifuatwe kwanza. Mwenye kuiruka kesi yake yaweza kutupwa bila ya hoja yake kusikilizwa. Tazama basi: daraja tatu za mwanzo zote ziko nyumbani, katika kaunti. Mzazi wa Msambweni hana haja ya kuiona Jogoo House mpaka daraja hizo ziishe, na nyingi za kadhia hizi zina uwezo wa kuishia katika daraja ya kwanza au ya pili.

Wasomaji wetu wengi wanaikumbuka kadhia ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo. Haikuwa ya elimu maalumu, lakini ilikuwa ya wazazi na shule, na funzo lake latufaa. Mzozo ulifika mahakamani mwaka 2014. Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2015 dhidi ya hijabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikampa ushindi mzazi, Mohamed Fugicha. Kisha, Januari 2019, Mahakama ya Juu ikautengua ushindi huo kwa sababu ombi lake halikuwa limeletwa kwa utaratibu unaotakiwa katika Mahakama Kuu, ikauacha wazi mlango wa kuanza upya. Miaka ilipita, mahakama tatu zikapitiwa, na jambo likakwamia katika utaratibu. Mtoto aliyekuwa kidato cha kwanza kesi ilipoanza alikuwa amekwisha kumaliza sekondari.

Mali bila daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Twamshauri kila mzazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu awe na daftari moja na faili moja. Katika faili ziwemo nakala za cheti cha kuzaliwa, ripoti ya tathmini, kitambulisho cha ulemavu kitolewacho na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, na kila barua iliyotoka na iliyoingia. Katika daftari iandikwe kila ziara: tarehe, nani alionwa, alisema nini, aliahidi nini.

Akikataliwa kwa mdomo, mzazi asiondoke na maneno matupu. Kifungu cha 47 cha Katiba champa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ombi la sababu za maandishi lina baraka yake. Mara nyingine mwenye kukataa, akitakiwa aandike, huona kuwa hana la kuandika, na mlango hufunguka hapo hapo.

Barua yenyewe haihitaji wakili wala Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba. Yatosha kuandika hivi:

"Mwalimu Mkuu mtukufu, mimi ni mzazi wa mtoto fulani, mwenye umri wa miaka kadhaa. Tarehe fulani nilifika shuleni kuomba nafasi, nikajibiwa kuwa haiwezekani. Naambatisha ripoti ya kituo cha tathmini. Naomba mambo mawili: kwanza, nipewe sababu za uamuzi huo kwa maandishi, pili, tukutane mimi, wewe na mwalimu wa darasa tuone ni msaada gani utakaomwezesha mtoto kusoma hapa. Nitashukuru kupata jibu ndani ya siku kumi na nne."

Barua hiyo haina tusi wala kitisho. Ina tarehe, ombi na muda. Itakuwa shahidi mzuri katika kila daraja itakayofuata.

Sulhu yenye masharti

Kifungu cha 159 cha Katiba chazitaka mahakama zistawishe njia nyingine za kumaliza mizozo, zikiwemo upatanishi na sulhu za kijadi. Aprili 2016, katika Mahakama za Milimani, Nairobi, ilianza majaribio ya upatanishi ulio chini ya mahakama, kwa kesi za familia na za biashara, na mpango huo umeendelea kupanuka. Ikiwa ndugu wanaogombea urithi waweza kuketi na mpatanishi, hatuoni kwa nini mzazi na mwalimu wasiweze.

Mataifa mengine yamejifunza hili kwa gharama. Marekani ilitunga sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1975, ikawapa wazazi haki ya kusikilizwa na mwamuzi. Haki hiyo ni kubwa, lakini ikazaa mashauri ya mawakili na wataalamu wa kulipwa. Mwaka 1997 sheria ikalazimisha kila jimbo liwe na upatanishi kwa atakaye. Mwaka 2004 ikaongeza kwamba, mzazi akishalalamika, shule imwite kikao cha kusuluhisha ndani ya siku 15. Na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba hata mzazi aliyeshinda hatarudishiwa ada alizowalipa wataalamu wake. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2014, humtaka mzazi azungumze kwanza na mshauri wa upatanishi kabla ya rufaa nyingi, lakini halazimishwi kupatana, na rufaa yenyewe haina ada.

Kwetu pwani sulhu si jambo geni. Wazee wa mtaa, imamu, mwalimu mstaafu, mama aliyelea mtoto mwenye ulemavu akamfikisha mbali, wote hao waweza kumsindikiza mzazi ofisini. Mzazi aliye peke yake hutetemeka au hufoka, na akiwa na mtu wa heshima pembeni maneno hupata utulivu. Ila sulhu iwe na masharti. Kwanza, mtoto abaki darasani wakati mazungumzo yakiendelea. Pili, iwekwe tarehe ya mwisho, isiwe njia ya kumchosha mzazi. Tatu, makubaliano yaandikwe na kutiwa saini. Nne, asiombwe mzazi kuisamehe haki ya mwanawe kwa kumstahi mkubwa fulani.

Na kuna jambo lisilosuluhishwa asilani. Mtoto akipigwa, akidhalilishwa kijinsia au akifungiwa chumbani, hilo ni jinai. Lipelekwe polisi na kwa afisa wa watoto, au ipigwe simu ya bure ya kuwasaidia watoto, nambari 116. Kulimaliza jambo kama hilo kwa vikao vya wazee ni kumdhulumu mtoto mara ya pili.

Milango isiyotoza ada

Ikiwa daraja za nyumbani zimeshindikana, ipo milango ambayo mzazi hulipa nauli tu, na mara nyingine hata nauli halipi. Tume ya Haki za Kiutawala, iitwayo Ombudsman, ina makao yake Westlands, katika barabara ya Waiyaki, na ina ofisi Mombasa. Hupokea bure lalama za watu waliopuuzwa au kuzungushwa na ofisi za umma. Kwa kadhia ya afisa asiyejibu barua, huo ndio mlango. Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu nalo liko Westlands, katika barabara hiyo hiyo, na lina maofisa katika kaunti. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, yenye ofisi Mombasa pia, hupokea lalama za ubaguzi.

Mzozo ukiwa wa fedha, kwa mfano shule ya kibinafsi imepokea karo kisha ikamkataa mtoto na karo haikurudishwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yatakiwa imalize shauri ndani ya siku 60, na mdai hahitaji wakili. Na ikilazimu kwenda Mahakama Kuu kutetea haki za Katiba, kifungu cha 22 chasema kufungua shauri la namna hiyo hakutatozwa ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imeweka huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasio na uwezo, na watoto wamo ndani yake.

Mahakama basi si adui. Zipo kadhia ambazo hazina dawa nyingine, na uamuzi mmoja mzuri huweza kuwafungulia njia watoto wengi. Tusemalo ni kuwa yeye afikaye huko akiwa na ripoti, barua, majibu na uamuzi wa bodi mkononi amekwisha kuipunguza kazi ya wakili kwa kiasi kikubwa, na gharama hushuka pamoja nayo.

Zamu ya shule, na ya madrasa

Shule nayo ina la kufanya kabla ya moto kuwaka. Imteue mwalimu mmoja wa kuzungumza na wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu, ili mzazi asizungushwe. Isitoe jawabu la "hapana" bila ya kumwelekeza mzazi kwenye kituo cha tathmini. Ikiwa haina uwezo, iandikie kaunti kuomba mwalimu au vifaa, na nakala ampe mzazi. Barua hiyo humgeuza mzazi kutoka mpinzani akawa mwenzi, kwani sasa wote wawili wadai kwa serikali ileile. Mfano wa kutazamwa uko karibu na katikati ya jiji: shule ya msingi ya City, Ngara, ni shule ya umma ya kawaida ambayo tangu mwaka 2003 ina kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya ua wake.

Madrasa zetu nazo zihesabiwe. Mtoto asiyeona au mzito wa kusema ana haki ya kukaa katika duara la wanafunzi sawa na mwingine. Abdullahi bin Ummi Maktum, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, hakuwa na macho, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfanya mwadhini, na kwa mara kadhaa akamwachia mji wa Madina alipokuwa safarini. Jamii inayomtaja sahaba huyo katika mawaidha yake haina udhuru wa kumrudisha mtoto mlangoni.

La kufanya sasa

Twapendekeza mambo matatu kwa kila mtaa. Kamati ya msikiti au ya wazazi iwachague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wajifunze ngazi tulizozieleza na wawe wasindikizaji wa wazazi. Uwekwe mfuko mdogo wa nauli za tathmini, kwa kuwa shilingi mia chache za kumfikisha mtoto kituoni huzuia maelfu ya baadaye. Na wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu wakutane mara moja kwa muhula, kwani aliyekwisha kupita njia humfupishia mwenziwe.

Na wewe, ndugu msomaji, ikiwa una mtoto wa namna hii nyumbani, usingoje mzozo uje. Juma la kwanza la muhula ujao omba kikao na mwalimu wake, nenda na ripoti, andika mliyoafikiana, na kabla ya kuondoka muulize mwalimu yeye naye ahitaji nini.